Vita vya Idi Amin na petroli iliyopitia Malaba

VITA vya Kagera, vilivyomng'oa Idi Amin Dada mamlakani, huhesabiwa na wanahistoria kuwa vilianza Oktoba 1978 na kumalizika mwanzoni mwa Juni 1979. Hesabu hiyo ni sahihi iwapo kinachohesabiwa ni mizinga na vifaru. Lakini kwa wakazi wa Busia na Malaba, miji miwili ya mpakani upande wa Kenya iliyo zaidi ya kilomita 300 kutoka mahali mapigano yalikoanzia, hesabu ni nyingine. Huko vita vilianza kuonekana mapema katika miaka ya 1970, katika bei ya sukari na katika nyuso za watu waliovuka mpaka usiku, na matokeo yake yalikuwa bado yakitua katika miji hiyo miaka minane baada ya Amin kutoroka.

Swali la kwa nini ilikuwa hivyo linastahili jibu refu kidogo, kwani ndani yake mna maelezo ya jinsi vita vya tawala za kiimla vinavyozaliwa. Aidha, mna jambo ambalo sisi Wakenya hatupendi sana kulizungumzia. Katika miaka yote minane ya utawala wa Amin, sehemu kubwa ya petroli iliyoendesha malori yake ya kijeshi ilipitia katika ardhi yetu.

MLANGO WA NCHI ISIYO NA BAHARI

Uganda haina bahari. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Baadaye njia ya Nakuru na Eldoret ilivuka Malaba kuelekea Tororo, na kufikia mwaka wa 1931 ikawa imefika Kampala. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya bidhaa ambazo Uganda huagiza kutoka ng'ambo huteremshwa Mombasa. Malaba ina reli na barabara. Busia, kusini yake, ina barabara.

Wakati wa Amin mlango huo ulikuwa na thamani kupita kiasi. Njia ya Tanzania haikutumainika kwa sababu serikali hizo mbili zilikuwa mahasimu. Njia za Sudan na Zaire nazo hazikuweza kubeba shehena ya taifa zima. Aliyekuwa na funguo za Malaba na Busia, basi, alikuwa na mkono kwenye koo la Kampala.

Kwa wenyeji, hata hivyo, mpaka huo ni mstari uliochorwa na wageni. Waiteso wako Malaba na Amagoro kama walivyo Tororo, nao Wasamia wako Funyula kama walivyo Busia ya Uganda. Mwaka wa 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ambao ulienea hadi Naivasha, na kuuingiza katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Ulikuwa uamuzi wa ofisini, wa watu waliotaka reli yao yote iwe chini ya usimamizi mmoja. Hakuna aliyefikiri kwamba miaka 74 baadaye jemadari mmoja angeufukua na kuutumia kutishia vita.

KUUA, KUFUKUZA NA KUGAWA

Amin alimpindua Milton Obote mnamo Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Uingereza na Israel hazikuhuzunika. Kenya nayo iliendelea na uhusiano wa kawaida na Kampala. Tanzania ndiyo iliyokataa. Rais Julius Nyerere hakumtambua Amin na alimpa Obote hifadhi.

Utawala wa kiimla una kasoro moja ambayo aghalabu hufunikwa na vituko vya mtawala mwenyewe. Hauna utaratibu wa kupokezana madaraka, wala wa kusuluhisha magomvi ndani ya kundi linalotawala. Kura hakuna, mahakama haina sauti, na bunge limevunjwa. Mtawala hubakiwa na njia tatu tu za kuwadhibiti wenzake wenye bunduki: kuua baadhi yao, kuwafukuza wengine, na kuwagawia mali wanaobaki. Amin alizitumia zote. Katika mwaka wake wa kwanza maelfu ya wanajeshi kutoka jamii za Acholi na Lango, alikotoka Obote, waliuawa kambini. Walionusurika walikimbilia Sudan na Tanzania, na baadhi yao ndio walioivamia Uganda kutoka Tanzania mnamo Septemba 1972. Uvamizi huo ulishindwa vibaya. Mkataba uliotiwa saini Mogadishu mwezi uliofuata ulituliza mambo mpakani, lakini haukugusa chanzo chake.

Njia ya tatu, ya kugawa mali, ndiyo iliyofika Busia na Malaba haraka zaidi. Mnamo Agosti 1972 Amin aliwapa watu wenye asili ya Asia, wengi wao wakiwa na pasipoti za Uingereza, siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka. Wengine walipanda ndege Entebbe, wengine wakapanda treni iliyopitia Malaba hadi bandarini Mombasa, baada ya kunyang'anywa saa, pete na fedha katika vizuizi vya barabarani na ndani ya treni zenyewe. Maduka, viwanda na mashamba yao yaligawiwa wanajeshi na marafiki wa serikali.

Waliogawiwa waliitwa mafutamingi. Wengi wao hawakujua bei ya kununulia bidhaa walizozikuta dukani, sembuse mahali pa kuagizia nyingine. Uganda, iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari kutoka Kakira na Lugazi na kuuza ziada nje, ilianza kukosa sukari. Kisha ikakosa chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia na viberiti.

Hapo ndipo biashara ya mpakani ilipogeuka mwelekeo.

MAGENDO

Neno magendo limekuwamo katika Kiswahili tangu zamani, lakini ni katika Uganda ya Amin lilipopanda cheo na kuwa jina la mfumo mzima wa uchumi, hata wataalamu wanaoandika kwa Kiingereza wakaliazima bila kulitafsiri. Mafutamingi nalo likafuata. Sisi tunaofanya kazi ya kusanifu lugha tungependa maneno yetu yaingie katika vitabu vya wengine kwa mambo mema zaidi. Itakumbukwa pia kwamba mwaka wa 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Kwa bahati mbaya, Mganda wa kawaida alikisikia zaidi kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki aliyetaka fedha, na chuki iliyopandwa hapo ilichukua miongo kadhaa kupungua.

Turudi kwenye magendo. Mnamo Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kufikia mwaka wa 1977 bei ya kahawa duniani ilikuwa imepaa kuliko wakati wowote uliokumbukwa. Kwa wakati huo kahawa ndiyo iliyoipatia Uganda zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni. Serikali ilimlipa mkulima kwa shilingi ya Uganda, tena kwa kuchelewa, na shilingi hiyo haikuweza kumnunulia hata sabuni. Ng'ambo ya mpaka, mnunuzi wa Kenya alilipa papo hapo, kwa fedha zenye thamani.

Mkulima alifanya alichofanya. Magunia yalivuka kwa baiskeli, kwa punda, kwa mitumbwi ziwani na kwa vichwa vya watu. Kaskazini ya Malaba, chini ya Mlima Elgon, soko la Chepkube liligeuka kuwa mnada wa kahawa isiyopandwa Kenya. Watu walitajirika kwa msimu mmoja. Kahawa hiyo iliuzwa nje kama ya Kenya, na wakubwa waliopata fungu lao hawakuwa wa mpakani peke yao.

Amin alitangaza adhabu kali kwa wanaofanya magendo na akaweka askari wa doria, wakiwamo wa ziwani waliokuwa chini ya Mwingereza Bob Astles. Hata hivyo, askari walewale waliotumwa kuzuia magunia walikuwa wakiyasindikiza. Mtu aliyekamatwa bila kuwa na mkubwa nyuma yake aliweza kupigwa risasi palepale; aliyekuwa na mkubwa alipita. Hivyo magendo hayakuwa uasi dhidi ya utawala wa Amin, kama wengine wanavyopenda kuyasimulia leo. Yalikuwa sehemu yake. Mwanajeshi asiyelipwa vizuri alijilipa mpakani, na utiifu wake ukadumu kwa muda uleule ambao gunia lilikuwa na bei.

Wakazi wa Busia na Malaba wanadai, na si rahisi kuwapinga, kwamba hata bodaboda ilizaliwa kwao. Kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nyingine palikuwa na mwendo ambao msafiri mwenye mzigo hakutaka kuutembea kwa miguu. Vijana wenye baiskeli waliita abiria kwa Kiingereza chao cha mpakani, kutoka boda hadi boda. Jina limeenea Afrika Mashariki yote. Jamaa aliyeketi nyuma ya baiskeli akiwa na kilo chache za kahawa chini ya nguo amesahauliwa.

MWAKA WA 1976

Mnamo Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, kihistoria ilikuwa mali ya Uganda. Aliongeza sehemu za kusini mwa Sudan. Aliyasema hayo akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), umoja ambao viongozi wake walikubaliana Cairo mwaka wa 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni.

Wapo waliocheka. Busia na Malaba hawakucheka, kwani wao ndio wangekuwa wa kwanza kukanyagwa. Rais Jomo Kenyatta alijibu kwamba Kenya haingeachia hata inchi moja ya ardhi yake, maandamano yakafanywa katika miji mingi, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia shehena ya Uganda. Baada ya siku kadhaa Amin alilegeza kauli. Akasema hakuwa na nia ya kupigana.

Miezi mitano baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi. Usiku wa kuamkia Julai 4, makomando wa Israel walivamia uwanja wa Entebbe na kuwaokoa mateka wa ndege ya Air France iliyokuwa imetekwa Juni 27. Ndege zao zilitua Nairobi na kujazwa mafuta. Kwa Amin huo ulikuwa ushahidi tosha wa njama. Wakenya waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda walianza kusakwa, wengi wakauawa, na maelfu wakakimbilia Busia na Malaba wakiacha mishahara, mifugo na nyumba. Majeshi ya pande zote mbili yalisogea karibu na mpaka.

Kenya haikufyatua risasi. Ilidai kulipwa madeni, ikataka kila shehena ilipiwe kabla ya kusafirishwa, tena kwa fedha za Kenya. Malori ya mafuta yakasimama. Baada ya wiki chache Kampala ilikuwa na magari yasiyotembea, yakiwamo ya jeshi. Amin alipiga kelele kwamba nchi yake ilikuwa ikinyongwa na kutishia kujifungulia njia kwa vita, lakini vifaru navyo hunywa mafuta. Mwanzoni mwa Agosti mapatano yalitiwa saini kwa usuluhishi wa OAU. Malori yakaondoka tena.

Hapa pana funzo la kivita ambalo huelezwa mara chache. Amin alikuwa na sababu nyingi zaidi za kuishambulia Kenya mwaka wa 1976 kuliko alizokuwa nazo za kuishambulia Tanzania mwaka wa 1978. Alidai ardhi ya Kenya, alifedheheshwa kwa msaada wa Kenya, na alikuwa na ndege za kivita kutoka Urusi. Hakushambulia kwa sababu mlango wa mafuta ulikuwa hapohapo alipotaka kupigania. Kwa Tanzania hakuwa na mlango wa kupoteza.

Na hapa pia ndipo penye jambo letu zito. Nguvu ile iliyomnyamazisha Amin kwa wiki chache ilikuwapo tangu 1971, na ilibaki baada ya Agosti 1976. Ilitumiwa pale Wakenya walipouawa na ardhi ya Kenya ilipotajwa. Haikutumiwa kwa ajili ya Waganda. Mnamo Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa pamoja na mawaziri wawili; dunia ilishtuka, wakimbizi wakaongezeka, na biashara ikaendelea.

Serikali ya Kenya ilikuwa na hoja zake. Kufunga mlango kungewaumiza kwanza wananchi waliokwisha kuumia, na pengine kungeleta vita ambavyo jeshi dogo la Kenya la wakati huo lisingevimudu. Katiba ya OAU ilikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini zingekuwa na uzito zaidi kama kahawa ya Chepkube isingekuwa na faida kubwa hivyo.

KWA NINI KAGERA

Mwaka wa 1978 mambo ya Amin yalianza kuharibika kutoka ndani. Bei ya kahawa ilishuka kutoka kilele chake. Bunge la Marekani lilipitisha marufuku ya biashara na Uganda, na Marekani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa kahawa hiyo. Cha kugawia wanajeshi kikapungua. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliyekuwa na wafuasi wengi jeshini, alijeruhiwa mnamo Aprili katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake walishuku kuwa ilipangwa. Katika miezi iliyofuata kulizuka maasi katika baadhi ya kambi.

Wanajeshi wa Uganda walivuka mpaka wa Tanzania mwishoni mwa Oktoba. Baadhi ya watafiti wanaamini kwamba walianza kwa kuwafuata waasi waliokimbilia huko. Wengine wanaona kwamba Amin alitaka kulipa jeshi lake adui wa kupigana naye, na ng'ombe wa kupora. Maelezo hayo mawili hayapingani sana. Novemba 1 alitangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, la kilomita za mraba zipatazo 1,800, limekuwa sehemu ya Uganda. Nyerere alilihutubia taifa lake na kusema kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo.

Nduli wa Kampala hakuwa peke yake katika historia. Siad Barre wa Somalia aliivamia Ethiopia mnamo Julai 1977, akashindwa Machi 1978, na utawala wake ukaanza kumomonyoka kutoka hapo. Majenerali wa Argentina, wakikabiliwa na uchumi mbovu na maandamano, waliviteka visiwa vya Falkland mnamo Aprili 1982 na wakapoteza visiwa na madaraka. Saddam Hussein, baada ya vita vya miaka minane na Iran vilivyomwachia madeni, aliingia Kuwait Agosti 1990. Hali za nchi hizo zinatofautiana, na mwandishi mwangalifu hawezi kuziweka zote katika kapu moja. Kinachofanana ni kwamba hakuna aliyebaki karibu na mtawala mwenye ujasiri wa kumwambia kwamba hesabu zake si sawa. Waliokuwa nao walikwisha kuuawa, au walikuwa wakifundisha hisabati katika shule za Kenya.

Hilo si utani. Wasomaji wa rika langu waliosoma shule za upili magharibi mwa Kenya miaka ya 1980 hawakosi kumkumbuka mwalimu mmoja au wawili kutoka Uganda, watu wenye shahada za Makerere na sauti ya upole, ambao hawakupenda kuulizwa kwa nini waliondoka kwao.

Vita vyenyewe vimeandikwa sana na hatuna haja ya kuvirudia kwa kirefu. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa katika eneo la Kagera. Tanzania iliwafukuza wavamizi, ikavuka mpaka pamoja na vikosi vya Waganda waliokuwa uhamishoni, ikavishinda vikosi vya Amin vilivyosaidiwa na askari wa Libya huko Lukaya mwezi Machi, na kuingia Kampala Aprili 11, 1979. Kenya, chini ya Rais Daniel arap Moi aliyekuwa na miezi michache tu mamlakani, ilitangaza kutounga mkono upande wowote. Mpaka wa Kenya na Tanzania wenyewe ulikuwa umefungwa tangu 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika.

KILICHOVUKA BAADA YA AMIN

Baada ya Kampala na Jinja kuanguka, waliotoroka kuelekea mashariki walikuwa ni wale waliokuwa wakiwafukuza wengine jana. Wanajeshi walivua sare, wakaziacha vichakani, wakachanganyika na raia. Astles, aliyekuwa akiwasaka wafanya magendo ziwani, alikimbilia Kenya, akakamatwa na kurudishwa Uganda mnamo Juni 1979. Amin mwenyewe alikwenda Libya na baadaye Saudi Arabia, akafia Jeddah Agosti 16, 2003, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Idadi ya waliouawa katika utawala wake inayotajwa mara nyingi ni watu 300,000. Yapo makadirio ya chini na ya juu zaidi.

Silaha nazo zilivuka. Kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, ilipoachwa na askari wake mwaka wa 1979, wafugaji wa Karamoja waliingia ghalani na kuchukua maelfu ya bunduki na risasi. Wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukawa wa bunduki. Wapokot na Waturkana wa upande wa Kenya walijihami nao kwa bunduki, na serikali zimekuwa zikijaribu kuzikusanya tangu wakati huo.

Lakini matokeo makubwa zaidi yalikuwa kiti kitupu. Amin alivunja kila chombo ambacho kingeweza kumrithi, isipokuwa bunduki. Yusuf Lule alikaa siku 68. Godfrey Binaisa akaondolewa na wanajeshi Mei 1980. Obote alirudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani waliuita wa wizi, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Vita vya Luwero viliua watu wengi mno. Obote akapinduliwa tena Julai 1985, safari hii na Tito Okello. Moi akasimamia mazungumzo Nairobi hadi mkataba ukatiwa saini Desemba 17, 1985, na kabla ya wino kukauka Museveni akaichukua Kampala, Januari 26, 1986. Kila badiliko lilileta kundi jipya la wakimbizi Busia na Malaba. Mara nyingi kundi jipya lilikuwa na watu waliolifukuza lile la kabla yake, na wote walilazimika kutafuta kazi na chumba cha kupanga katika mtaa mmoja.

Mwaka wa 1987 vita vilikuja karibu zaidi. Jeshi la Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena na kuwaaminisha wapiganaji wake kwamba mafuta ya shea yangewakinga na risasi, lilitoka Acholi likapita Teso na Tororo, mwendo mfupi kutoka Malaba, kabla ya kuvunjwa karibu na Jinja. Teso nzima ilikuwa katika uasi. Kampala ilishuku kwamba Nairobi iliwahifadhi wapinzani wake. Nairobi, iliyokuwa ikiwafunga wakosoaji wake yenyewe chini ya chama kimoja, ilishuku kwamba Kampala na Libya ziliwapa wapinzani wa Moi mafunzo.

Katikati ya Desemba 1987 askari wa Kenya na Uganda walipigana risasi Busia kwa siku kadhaa. Watu waliuawa, mpaka ukafungwa, na malori yakapanga foleni. Wenyeji waliokuwa na mashamba upande mmoja na nyumba upande wa pili walilala walikokutwa. Desemba 28 Moi na Museveni walikutana Malaba kwa muda wa saa mbili na kukubaliana kuwaondoa wanajeshi mpakani. Itaonekana kwamba eneo hilo, ambalo halikuwa na lake katika ugomvi wa Nairobi na Kampala, lilitoa uwanja wa mapigano na vilevile ukumbi wa mapatano.

Alice Lakwena alikamatwa Kenya mwishoni mwa mwaka huohuo kwa kuingia nchini bila idhini. Aliishi humu kama mkimbizi karibu miaka 20, na akafariki Januari 2007 katika kambi ya Ifo, Dadaab. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka wa 1991 kwa ajili ya watu waliokimbia Somalia baada ya Siad Barre kuangushwa.